Coaster tuliyoigeuza nyumba imezimika porini kati ya Rungwa na Itigi: tuvutwe, tusubiri au tuiache?

Msafiri wa Kanda ya Kati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba ushauri kwa yeyote mwenye uzoefu wa injini za dizeli au aliyewahi kukwama porini akiwa na familia. Mtandao ninaupata nikipanda juu ya keria tu, hivyo naomba mnisamehe nikichelewa kujibu.

Tunatoka Mbeya kwenda Dodoma kwa njia ya Chunya, Makongolosi, Rungwa na Itigi. Gari letu ni Toyota Coaster ya zamani yenye injini ya 1HZ, ambayo tuliing'oa viti na kuweka vitanda, jiko la gesi, tangi la maji, friji ndogo na paneli ya sola juu ya paa. Tuko wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa darasa la tano, na mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari na anatumia insulini. Insulini hiyo imo ndani ya friji.

Tulipofika Rungwa tuliongeza dizeli ya madumu, kwa kuwa tuliyokuwa nayo isingetufikisha Itigi. Baada ya mwendo kidogo taa ya filta ya dizeli iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Gari likaanza kukosa nguvu kwenye kila mwinuko, likawa linamisi, na hatimaye likazimika kabisa kabla hatujafika Mitundu. Nikipiga stata injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Filta ya akiba sina. Maji tunayo ya kutosha, chakula kipo, na gesi ipo.

Dereva mmoja wa lori la mizigo aliyekuwa anaelekea Rungwa alisimama akatuhurumia, akasema atarudi kesho na yuko tayari kutuvuta kwa kamba hadi Itigi. Mke wangu anaona mama na mtoto wapande basi litakalopita, lakini mama amekataa katakata kuniacha porini. Je, tukubali kuvutwa, tusubiri hapa hapa, au tuliache gari tuondoke wote?

Dereva Mstaafu wa Masafa

Pole sana ndugu yetu, na mpe mama shikamoo yangu. Nimeendesha malori kwenye barabara hiyo kwa muda mrefu, na neno langu la kwanza ni kwamba usikubali kuvutwa kwa kamba wakati injini imekufa. Breki za gari la aina hiyo husaidiwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, na pampu ya vakyumu kwenye injini hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Injini isipozunguka, utakanyaga breki mara mbili au tatu zikiwa na msaada, kisha utabaki na pedali ngumu ambayo hata ukisimama juu yake hailishiki gari zito lenye vitanda na tangi la maji. Usukani nao utakuwa mzito. Ongeza vumbi la lori lililo mbele yako, ambalo litakufanya usione taa zake za breki, na utaelewa kwa nini ajali nyingi za kuvutana hutokea kwa mtindo wa kugonga lori kwa nyuma. Ikibidi mvutwe, mtumie chuma kigumu cha kuvutia badala ya kamba, mwende mwendo wa pole sana, na ndani ya gari linalovutwa abaki dereva peke yake.

Pili, msitembee kwa miguu kutafuta msaada. Mko jirani na pori la akiba la Rungwa, na huko simba, nyati na tembo si hadithi. Gari lenu ni nyumba yenye mlango unaofungwa, maji na jiko. Hakuna mahali salama zaidi ya hapo kwa sasa. Mbung'o watawasumbua mchana, na wanavutiwa zaidi na nguo nyeusi na za bluu, basi vaeni za rangi hafifu zenye mikono mirefu.

Weka pembetatu zako, na zaidi ya hizo kata matawi yenye majani uyapange pembeni ya barabara mbele na nyuma ya gari, kuanzia mbali, kwa kuwa dereva wa huko akiona matawi anajua kabla ya kona kwamba kuna gari bovu. Mkiondoka, yaondoeni yote pamoja na mawe mliyoweka kwenye magurudumu. Nimeshuhudia pikipiki ikivamia jiwe lililoachwa na watu waliokwishafika kwao.

Fundi Dizeli Singida

Mleta uzi, kwa maelezo yako sioni sababu ya kuliacha gari wala kulivuta. Injini inayozunguka vizuri bila kushika, baada ya taa ya filta kuwaka na gari kupoteza nguvu kidogo kidogo, inakuambia kwamba dizeli haifiki kwenye pampu au inafika ikiwa na maji. Ile taa kazi yake ni hiyo: chini ya filta kuna kihisi kinachotambua maji.

Kwanza ondoa wasiwasi wa umeme. Washa swichi bila kupiga stata, huku mtu mwingine akisikiliza karibu na pampu. Asikie mlio mmoja mfupi, "ta", ambao ni solinoidi inayofungua njia ya dizeli. Kama haulii, angalia fyuzi na waya mmoja unaoingia kwenye solinoidi hiyo, kwa sababu barabara yenye makorongo huulegeza. Kama unalia, hamia kwenye mafuta.

Chini ya filta kuna koki ndogo ya plastiki. Weka chupa ya maji iliyo safi na inayoonyesha, legeza koki kwa mkono, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ili mafuta yatoke. Acha chupa itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini na utauona mstari unaoyatenganisha. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu. Ila fahamu kwamba maji yaliyo kwenye filta yametoka kwenye tangi, na ukiwasha sasa yatarudi. Hivyo usiku huu usiliguse gari kabisa. Maji yote yatashuka chini ya tangi, na alfajiri, kabla mtu hajatikisa gari, legeza nati ya chini ya tangi taratibu na uyapokee kwenye beseni. Jiko la gesi liwe limezimwa, na hayo unayomwaga usiyaache ardhini.

Baada ya hapo bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Kama injini imeingiza upepo na bado haishiki, chukua spana namba 17, legeza nati za mabomba ya dizeli kwenye nozeli (vinyunyizio vya dizeli kwenye injini) mbili au tatu, mwambie mtu apige stata kwa sekunde zisizozidi kumi, kisha pumzisha dakika moja. Ikitoka dizeli isiyo na mapovu, kaza. Usiweke kidole wala uso karibu na bomba hizo, maana dizeli yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi na jeraha lake ni baya.

Kijana wa Njombe

Mimi ningeiondoa filta kabisa na kuunganisha mpira kutoka kwenye tangi moja kwa moja hadi kwenye pampu. Nimeona watu wakifanya hivyo na gari likafika.

Fundi Dizeli Singida

Kijana wangu, hao uliowaona wakifika huwa hatuwaoni tena mpaka watakapoleta pampu kwenye gereji. Pampu ya injini hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na vyuma vyake vimekaribiana mno hata chembe ya kutu ambayo jicho halioni inavikwaruza. Maji nayo huviletea kutu. Filta ni bei ndogo. Pampu na nozeli ni mtaji wa mtu. Mleta uzi, nakusihi usifanye hivyo hata kama umebakiwa na kilomita moja.

Muuguzi wa Kijiji

Naomba tusimsahau mama. Insulini anayoitumia sasa, ikishafunguliwa, kwa aina nyingi hukaa nje ya friji hadi siku 28 mradi joto lisizidi nyuzi 30, na baadhi ya aina huhitaji chini ya hapo, hivyo msome karatasi iliyomo kwenye boksi. Huko mchana joto linaweza kupita kiwango hicho ndani ya gari lililofungwa. Iwekeni kwenye kopo lenye mfuniko, kopo liwe ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa kilicholowa maji, na sufuria iwekwe kivulini panapopita upepo; kitambaa kikikauka kiloweshwe tena. Msiiweke ikagusana na barafu, maana insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Mama ale kwa saa zake za kawaida, anywe maji mara kwa mara, na sukari au soda iwe karibu naye. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa wakati bado anajitambua na anaweza kumeza, mpeni kitu chenye sukari papo hapo. Akianza kutapika au akawa mzito kuamka, hapo suala la gari liishe: simamisheni chombo chochote kinachopita awahishwe hospitali. Kama hali yake ni nzuri, sioni ubaya wa yeye kulala humo humo mlimo.

Msafiri wa Kanda ya Kati (mleta uzi)

Wakuu, Mungu awabariki. Mama amelala vizuri na sukari yake tumeipima iko sawa. Solinoidi inalia. Jana jioni chupa ilionyesha maji upana wa kidole chini ya dizeli, na alfajiri hii kwenye tangi yametoka mengi zaidi, yakiwa na rangi ya chai ya rangi na chembechembe za kutu. Nimepampu hadi pampu ya mkono imekuwa ngumu, nikalegeza nati za nozeli kama fundi alivyoelekeza. Dizeli imeanza kutoka ikiwa na mapovu, lakini sasa betri zimechoka na stata inazunguka polepole. Je, ninaweza kuunganisha betri ya nyumba, ile inayochajiwa na sola, kwenye betri za gari?

Mdau wa Sola Kahama

Subiri kwanza, usiunganishe. Tazama betri za gari lako: kama ni mbili zilizofuatana, chanya ya moja ikiwa imeungwa kwenye hasi ya nyingine, gari lako ni la volti 24, na Coaster nyingi zilizotoka Japani ziko hivyo. Betri ya nyumba ni ya volti 12. Ukiiweka juu ya jozi hiyo utaiunguza.

Unachoweza kufanya ni kuchaji betri za gari moja baada ya nyingine. Zima friji na inverta. Toa waya unaoziunganisha betri hizo mbili ili kila moja isimame peke yake kwa volti 12. Kwenye kontrola ya sola, kile kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli, toa kwanza waya za paneli, kisha za betri ya nyumba. Unga betri ya kwanza ya gari, halafu rudisha waya za paneli. Usijaribu kuzichaji zote mbili zikiwa zimefuatana, kwa kuwa paneli moja ya kawaida hutoa takribani volti 18 tu. Hata hivyo jua litakuchukulia sehemu kubwa ya siku kwa kila betri.

Njia ya haraka ni yule dereva wa lori. Malori makubwa mengi ni ya volti 24 kama gari lako, hivyo yeye ndiye anayeweza kukushtulia betri, jambo ambalo Land Cruiser ya volti 12 isingeweza. Rudisha kwanza waya wa kati. Chanya ya lori iende kwenye ile chanya inayoelekea kwenye stata, na hasi ya lori iungwe kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, ili cheche isirukie penye gesi ya betri. Tumieni waya nene.

Dereva Mstaafu wa Masafa

Umesema vyema. Mleta uzi, akifika mwambie kwamba huhitaji tena kamba yake, unahitaji betri zake. Mpe chai na umlipe muda wake; dereva wa lori anayesimama porini anahatarisha ratiba ya mzigo wa mtu.

Msafiri wa Kanda ya Kati (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu. Yule ndugu wa lori alifika kabla ya adhuhuri akiwa na waya zake mwenyewe. Tulipiga stata, tukapumzisha, tukapiga tena; mapovu yakaisha, nikakaza nati, na injini ikashika ikitoa moshi mweupe ambao ulikata baada ya muda mfupi. Tulimwaga maji ya filta mara nyingine njiani, kidogo tu. Alikubali kutusindikiza, tukamfuata kwa umbali wa kukwepa vumbi hadi Itigi, ambapo nimepata filta mpya. Mama amekula, na insulini imerudi kwenye friji. Matawi na mawe tuliyaondoa yote.

Swali lililobaki ni moja: je, ninaweza kuendelea hadi Manyoni na Dodoma kesho?

Fundi Dizeli Singida

Tumefurahi sana. Kabla ya kuondoka Itigi, tangi lishushwe na lioshwe, kwa sababu ile kutu uliyoiona haijaisha kwa kumwaga maji ya chini tu. Mabomba ya kutoka kwenye tangi hadi kwenye filta yapulizwe, halafu ndipo ufunge filta mpya. Nunua mbili, moja ibaki ndani ya gari. Kisha endesha kwa muda karibu na mji, usimame, ufungue koki ya filta na kuangalia chupa. Ikiwa dizeli ni tupu na injini haina mlio wa kugonga, nenda. Ukisikia inagonga au inatoa moshi mweupe hata ikiwa imepata moto, pita kwangu Singida kabla ya Dodoma, nozeli zipimwe.