Mwalimu wa somo la Serikali ya Texas kaniambia kwetu Zanzibar hakuna utamaduni wa kisiasa, kuna makabila tu!!!

MwanaMkunazini (mwenye uzi)

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya chuo, mikono inatetemeka na wali wangu umepoa kwenye kontena sijaugusa. Jina simtaji. Nyote mliopitia vyuo vya jamii huku Texas mnamjua: buti za ngozi ya mamba, tai nyekundu inayofika magotini, kikombe cha kahawa chenye nyota moja, na slaidi zilizotengenezwa kabla bibi yangu hajaolewa. Ndiye huyo huyo.

Kwa wasiojua mambo ya huku: sheria ya jimbo inamlazimisha kila mwanafunzi wa chuo cha umma, hata anayesomea uuguzi kama mie, apate krediti sita za masomo ya serikali, katiba ya Marekani na ya Texas yenyewe. Bila hizo shahada huioni. Sikulalamika, wallahi. Nilikaa nikasoma. Bunge lao nalijua, wawakilishi 150 na maseneta 31, linakutana siku 140 tu kila miaka miwili, tena mwaka wa witiri. Najua mbunge wao analipwa dola 600 kwa mwezi. Najua katiba yao ni ya 1876 na imeshatiwa viraka, yaani marekebisho, zaidi ya 500. Najua kuna Tume ya Reli inayochaguliwa na wananchi ambayo haishughuliki tena na reli, inasimamia mafuta na gesi! Nani Unguja nzima anayajua haya? Mie! Nimeyakariri mpaka nikilala nayasema!

Leo ilikuwa zamu yangu kuwasilisha. Kazi aliitoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake: chukua nadharia ya 1966 ya Daniel Elazar, msomi wa siasa wa Kimarekani, ile ya tamaduni tatu za kisiasa, ulinganishe Texas na mahali unapopajua. Ya kwanza ni ya kimaadili, siasa ni kazi ya kujenga jamii na kila mtu ana wajibu. Ya pili ya kibinafsi, siasa ni soko, ukiingia unatafuta chako. Ya tatu ya kimapokeo, siasa ni ya wakubwa na koo zao, nyie wengine kaeni kimya. Texas ni mchanganyiko wa hizo mbili za mwisho. Mie nikachagua Zanzibar.

Na nilikuwa na hoja! Texas ilikuwa jamhuri kamili tangu 1836, ikaingia Marekani 1845. Zanzibar ilikuwa jamhuri Januari 1964, ikaungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Zote mbili zilikuwa nchi, zote zikaingia kwenye muungano, na zote mpaka leo zinajisikia nchi. Watoto wa skuli Texas wanakula kiapo kwa bendera ya jimbo baada ya kile cha bendera ya taifa. Sisi tuna rais wetu, Baraza la Wawakilishi letu na bendera yetu. Slaidi ya tatu nilikuwa nimeweka picha ya wazee wa Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe, wanachambua bajeti kwa kahawa na kashata. Ya nne, kura ya maoni ya Julai 2010, watu zaidi ya asilimia 66 walipokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya miaka ya kugombana. Kama huo si utamaduni wa kisiasa, basi neno hilo lifutwe.

Nimefika slaidi ya PILI. Bwana yule anafuta miwani kwa ncha ya tai. Hakuinua hata uso. Anasema: "Asante, lakini kwenu huko si utamaduni wa kisiasa. Kwenu ni makabila. Anayefuata."

ANAYEFUATA!

Wakuu, nilisimama pale na rimoti mkononi mpaka nikaota mizizi. Anayefuata akaja na Minnesota. Akapewa dakika zake zote, na bwana yule akavaa miwani kumtazama vizuri! Kwangu anaifuta, kwa Minnesota anaivaa!

Makabila? Mkunazini? Aje aniambie kabila la Mkunazini ni lipi! Mtaa mmoja Mngazija, Mhindi, Mshirazi, Mmanga, Mnyamwezi, wote wanagombana kuhusu chama na wote wanakula urojo kwenye meza moja!

"Kwenu ni makabila. Anayefuata." Nasikia bado.

Kipepeo Mweusi

Nimeshatandika mkeka na karanga ninazo. Endelea mkuu.

Mzee wa Gerezani

Povu lote hili la nini, bibie? Kwani ulimjibu nini?

MwanaMkunazini

Nitamjibu nini na kashasema anayefuata? Alama zote za kazi ile anatoa yeye! Ningefungua mdomo pale ningerudishwa muhula mzima kusoma Tume ya Reli upya!

DallasMswahili

Namjua. Namjua sana. Mimi aliniambia "kule kwenu Afrika mna rais mmoja au wengi?" Nikadhani anatania. Akasubiri jibu.

Halafu huyu huyu anayedharau makabila ya watu, akifika mada ya uchaguzi wa 1948 anapita mbio. Kawaambia habari za Sanduku 13? Mchujo wa chama cha Democratic wa kumpata mgombea wa Seneti, mji wa Alice, kaunti ya Jim Wells. Uchaguzi umeisha, siku zimepita, mara yanaibuka majina mengine kama 200 kwenye daftari, yamefuatana kwa alfabeti, wino mmoja, mwandiko mmoja. Lyndon Johnson akashinda jimbo zima kwa kura 87, na baadaye akawa rais wa Marekani. Kule kusini mwa Texas kulikuwa na mabwana wa kaunti waliokuwa wanagawa kura wanavyotaka. Yote hayo yamo kwenye kitabu cha somo lake.

MwanaMkunazini

UMEONA! Alfabeti! Kwa hiyo wapiga kura wa Alice walipanga foleni kuanzia A mpaka Z! Na mtu anayefundisha hayo ndiye ananiambia mie nina kabila! Anafuta miwani!

Bint Saida

Pole dada. Mimi nilisoma naye muhula wa kiangazi. Mwambie akueleze pia kwamba mpaka 1944 mtu mweusi Texas alizuiwa kupiga kura kwenye mchujo wa Democratic, na chama kilikuwa hicho kimoja tu kinachoshinda, kwa hiyo ukinyimwa mchujo umenyimwa uchaguzi wote. Ilibidi daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, aende mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Na kabla ya hapo, tangu 1902, walishaweka kodi ya kupigia kura. Maskini huna hela, huna kura. Nilipouliza swali hilo darasani akaniambia tutalifikia wiki ijayo. Wiki hiyo sikuiona.

Chuma cha Pua

Sasa dada mtu kaenda Marekani kusomea sindano na drip, analia kwa sababu ya Elazar. Mgonjwa akizidiwa utamwambia utamaduni wake ni wa kimapokeo? Pokea alama zako, utoke, uanze kulipwa kwa saa. Huyo mzee hatakuja kwako Eid.

MwanaMkunazini

Chuma, wewe hukuwepo. Hukuona ile tai. Mtu akikutukana wewe unavumilia. Akiwatukana wazee wa Jaws Corner walioanza kujadili siasa yeye hajazaliwa, huvumilii.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, hiki kitu hakikuanza na huyo bwana. Mwaka 1963 wasomi wawili wa Kimarekani, Almond na Verba, walitoa utafiti wao mkubwa wa utamaduni wa kisiasa katika nchi tano: Marekani, Uingereza, Ujerumani Magharibi, Italia na Mexico. Afrika haikuulizwa hata swali moja, lakini ilipofika kwenye ngazi ya chini kabisa, ya watu wasioiona serikali kuu hata kidogo, mfano uliotolewa ni jamii za makabila ya Kiafrika. Vijana wa miaka ya sitini wakasoma hivyo, wakawa walimu, wakafundisha hivyo. Na huyo Elazar mwenyewe alikuwa anaeleza majimbo ya Marekani kwa kufuata nani alihamia wapi na akabeba dini gani na desturi gani: wa New England wakapeleka yao mpaka Minnesota, wa kusini wakapeleka yao mpaka Texas. Hiyo ni habari ya asili za watu mwanzo mpaka mwisho. Wao wakiitwa kwa asili zao ni utamaduni, sisi ni makabila. Binti ana haki ya kukasirika. Andika barua kwa mkuu wa idara, weka slaidi zote, omba uwasilishe upya.

MwanaMkunazini

Mwalimu, Mungu akuweke. Hiyo barua naiandika usiku huu. Nitaweka na picha ya kashata.

Mtu wa Bara

Naomba niulize kwa heshima. Umesema mna rais wenu, Baraza lenu, bendera yenu. Sisi Tanganyika bendera yetu iko wapi? Huko Marekani kila jimbo lina serikali yake, Texas ina yake na Oklahoma ina yake. Kwetu Zanzibar ina yake na upande wa pili hakuna kitu. Halafu mnakuja kulalamika nyinyi. Slaidi ya tano ungeweka hiyo.

Mpemba Halisi

Haya tumeanza. Mtu katukanwa Texas, nyie mnaleta kero za Muungano. Bendera tumeipata 2005, na mpaka leo kuna watu inawauma.

Mtu wa Bara

Hainiumi, nauliza tu. Kwenu mnachagua rais wenu na rais wa Muungano. Mimi mkuu wangu wa mkoa anateuliwa tu, naamka nasikia redioni kabadilishwa. Texas hata hakimu wanampigia kura, tena kwa chama chake. Nani mwenye haki ya kulia hapa?

MwanaMkunazini

Jamani, mada ni miwani!

Omosh wa Kisii

Nyinyi watu wa huko chini mnapenda kulia. Njooni Kenya muone serikali za majimbo. Kaunti 47 tangu 2013, katiba mpya ya 2010, tulicheza ngoma barabarani. Leo gavana wetu, mnamjua, simtaji, amejenga lango. LANGO. Hospitali ya kaunti haina glavu, mama anatumwa duka la dawa akiwa na uchungu wa kuzaa, lakini tuna lango la kaunti lenye taa za rangi tatu. Na waheshimiwa wa bunge la kaunti wako ziara ya mafunzo ng'ambo wanajifunza kukusanya takataka.

Texas naibu wa gavana anachaguliwa kivyake na ndiye anayeongoza Seneti, ana nguvu kuliko hata bosi. Kwetu naibu gavana akikosana na mkubwa anafungiwa mpaka choo cha ofisi.

Kipepeo Mweusi

Lango lina taa rangi gani mkuu?

Omosh wa Kisii

Kijani, nyekundu na nyeupe. Zimewaka wiki ya uzinduzi tu.

Sapu Mwaka Mzima

Nyote mnadeka. Mimi niko chuo kimoja cha serikali hapa hapa nyumbani, nasoma uhandisi, kuna somo la lazima la maendeleo na siasa. Ukumbi tunajaa mpaka madirishani. Mhadhiri, wa kwetu mnamjua, shati la kitenge na kikohozi, anauza vitini. Ukinunua unaandika jina kwenye daftari lake la jalada gumu. Usiponunua, jina lako kwenye matokeo lina sapu, mtihani wa marudio. Nilimwandikia insha ya ugatuzi, kurasa nzima nzima: serikali za mitaa zilivyovunjwa 1972, madaraka mikoani, mpaka zikarudi miaka ya themanini. Nikapata sifuri. Rafiki yangu kanunua kitini, kaandika jina na tarehe, kapata B.

Chuma cha Pua

Shati la kitenge na kikohozi! Huyo mzee bado yupo? Alinikamata mwaka wa pili! Nililipa kitini kwa hela ya bumu, ile ya mkopo wa wanafunzi, akasema daftari limepotea, nilipe tena!

Sapu Mwaka Mzima

Yupo! Na daftari lile lile! Sasa hivi anapokea kwa simu, anakwambia usiandike sababu ya malipo.

Chuma cha Pua

Wallahi nitakuja huko na risiti zangu.

MwanaMkunazini

Barua nimeituma. Nimeeleza yote, miwani, tai, Minnesota, yote. Nitawaletea majibu hapa hapa.

Bint Saida

Hongera dada, usirudi nyuma.

Mzee wa Gerezani

Wakati tunasubiri, bumu limeshaingia vyuo gani? Kijana wangu ananipigia tangu asubuhi.

Sapu Mwaka Mzima

Kwetu bado. Wanasema majina yako kwenye foleni.

Kipepeo Mweusi

Kwa alfabeti?

Sapu Mwaka Mzima

Sijui mkuu, mimi naanzia na Z na bado sijaona hata shilingi.