Datsun 240Z, rimu za aloi za inchi 15: nati za mbele zinalegea

KijanaWaZedi
Shikamooni wakubwa. Gari ni 240Z ya 1972. Nimetoa rimu za chuma za inchi 14, nimefunga za aloi za zamani: inchi 15 kwa upana wa 7, ofseti sifuri (uso wa kufungia uko katikati ya upana wa rimu), 4x114.3 (matundu manne kwenye duara la milimita 114.3), tairi 205/60. Zilikuja bila nati, kwa hiyo nimetumia nati za koni (zilizochongoka upande wa kukalia rimu). Usukani unatetemeka nikikolea mwendo, na kila nikikagua nati za mbele nakuta zimelegea. Nikaze zaidi? Au niweke spesa (bamba la kuisogeza rimu nje)?

FundiSpana
Marahaba. Usikaze zaidi, na gari isitoke hapo ilipo. Nati ikilegea ilhali uliikaza kwa kipimo, ujue haijakalia mahali pake.

Fungua rimu moja utazame matundu ya nati. Aloi nyingi za miaka ile hazitaki koni. Tundu lake limenyooka kama bomba, na nati yake ina shingo inayozama ndani, pamoja na washa bapa inayokandamiza uso wa rimu. Koni kwenye tundu la namna hiyo inagusa ukingo tu. Aloi inalika, mkazo unaisha. Mtetemeko nao huenda unatoka hapohapo, kwa sababu shingo ndiyo inayoiweka rimu hizo katikati. Ukikuta tundu limepanuka upande mmoja, rimu hiyo haifai tena barabarani, hata kama inapendeza.

Vijana wengi wanadhani stadi (boliti zinazoshika nati) ndizo zinazobeba gari. Hapana. Nati zinabana rimu kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu linafungwa), na msuguano wa mbano huo ndio unaobeba. Mbano ukipungua, stadi zinapindwa kila gurudumu linapozunguka, mpaka zinakatika.

Sasa ukipata nati za shingo, pima shingo yenyewe. Ikizidi kina cha tundu pamoja na unene wa washa, itagota kwenye habu kabla rimu haijabanwa. Spana ya kipimo (inayopima mkazo) italia "kli", nawe utaondoka ukiamini kazi imekwisha. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana mtu amefuata kipimo na bado gurudumu halijashikwa.

Spesa unaitakia nini? Rimu ya inchi 7 yenye ofseti sifuri inatoka milimita 88.9 kila upande wa uso wa habu. Kwenye Zedi nafasi ya kubaki kwenye madigadi si kubwa. Spesa itaisukuma nje zaidi, iongezee beringi mzigo, na ikule urefu wa stadi.

Mkuu_Karabureta
Naongezea: stadi za Datsun yako ni 12x1.25 (unene milimita 12, nyuzi kila milimita 1.25). Nati za Toyota na Honda wengi wanazo, lakini ni 12x1.5. Inashika mizunguko ya mwanzo halafu inakaza kana kwamba imefika, kumbe inatafuna nyuzi. Anza kila nati kwa vidole. Na iingie angalau milimita 12 kwenye stadi, yaani kama mizunguko 10 kamili.

KijanaWaZedi
Nimefungua. Matundu yamenyooka kweli, na mawili ukingo umetafunika kidogo, ila bado ni duara. Uso wa habu una kutu na mtu aliupiga rangi.

FundiSpana
Umeshapata jibu. Peleka rimu yenye tundu lililotafunika kwa mtu wa kupima rimu kabla hujairudisha. Rangi na kutu vyote vitoke, chuma kiguse aloi. Rangi ikisagika katikati, mbano unapotea. Stadi zenye nyuzi zilizochoka badilisha zote za habu hiyo, usichague.

Mkuu_Karabureta
Mimi napaka grisi kidogo kwenye stadi, zisishike kutu.

FundiSpana
Kwa kipimo kilekile, mkuu? Vipimo vya kitabu kwa kawaida ni vya nyuzi kavu na safi. Ukipaka grisi, msuguano unashuka, na nguvu ileile ya spana inavuta stadi zaidi ya ilivyokusudiwa. Kijana, aachwe na grisi yake. Wewe kaza gari likiwa bado limeinuliwa kidogo, kwa mkato wa msalaba, kwa awamu mbili au tatu. Awamu ya mwisho tairi liwe limegusa chini. Ukitembea kilomita 80 hadi 100, acha magurudumu yapoe, kisha rudia na spana ya kipimo. Nati ikizunguka tena safari ya pili, fungua uangalie upya shingo na washa.