Alama za kijito chetu zimeanguka kutoka 7.6 hadi 3.3, niende kwa nani?

MtoniNjoro: Hamjambo wadau. Kikundi chetu cha kujitolea kinapima kijito kinachoingia Mto Njoro kwa kuokota wadudu wa maji, ule mtindo wa miniSASS: kila kundi la wadudu lina alama zake, unajumlisha na kugawanya kwa idadi ya makundi, na wastani ukiwa mkubwa kijito kina afya. Februari tulipata makundi 8, jumla 61, wastani 7.6. Wiki jana: minyoo, ruba, konokono, funza wekundu, mende wa maji na efemeroptera (mayfly kwa Kiingereza) wale wembamba waogeleao kama vidagaa. 20 gawanya kwa 6, ni 3.3. Watu wanateka maji hapo. Usingizi umenipaa.

Mama_Mauche: Chemsheni, hata mkipata 7.6. Wadudu hawa wanajali oksijeni, tope na dawa za shamba. Kinyesi cha ng'ombe cha leo asubuhi hawatakuambia.

KichungiChaChai: Neti gani? Kama mlishona chandarua cha mbu, matundu yake yamezidi milimita 1 na wadogo wanapita.

MtoniNjoro: Ni chandarua, lakini hata Februari kilikuwa hicho hicho.

RubaMkuu: Mvua ilinyesha lini? Na mlichota pale pale?

MtoniNjoro: Siku 2 kabla. Maji yalikuwa mengi, tukasogea kidogo.

RubaMkuu: Kidogo ni hatua ngapi?

MtoniNjoro: Kama mita 200 chini, pale punda wanapopakiwa mitungi na boda boda zinaoshwa. Hakuna mawe, ni tope. Lakini si maji ni yale yale? Halafu barua iko kwa chifu tayari, tumelitaja shamba moja la juu. Nikiirudisha wataniona nimehongwa.

Jembe_Mpini: Shahidi wa kwanza, ruba. Haya.

RubaMkuu: Maji ni yale yale, makao siyo. Wadudu wa alama kubwa hushika mawe penye maji yanayokimbia, kwa hiyo kwenye tope la josho la pikipiki ungepata minyoo hata kama shamba hilo halipo. Na mafuriko huwasomba. Subiri wiki 2 au 3 maji yatulie. Ukirudi, anza chini ukipanda juu, usivuruge unapoelekea. Mdomo wa neti uelekee maji yanakotoka, sugua mawe kwa mguu mbele yake. Dakika 5 kwa jumla, ukigusa mawe, mchanga na majani ya ukingoni. Mwaga kwenye trei nyeupe yenye maji kidogo, tenga kila aina kwenye vyumba vya trei ya barafu. Ukishuku shamba, pima juu na chini ya mfereji wake, siku moja, makao yanayofanana. Hilo ndilo NEMA, mamlaka ya mazingira, au Mamlaka ya Rasilimali za Maji watalisikiliza, pamoja na sampuli ya maabara.

Jembe_Mpini: Mimi naona hii imetungwa. 61 kwa 8 inanuka asaimenti. Haya, tutajie hao 8.

MtoniNjoro: Kwa alama za kila kundi: plekoptera (stonefly) 17, efemeroptera wengine 11, wale vidagaa 5, trikoptera (caddisfly) wa vifuko vya mchanga 9, kaa 6, kerengende 6, mende 5, funza 2. Sijatunga.

Jembe_Mpini: Plekoptera alikuwa na mikia mingapi?

MtoniNjoro: Mmoja tu tulimpata, picha ninayo. Mikia 3, na vijani vidogo vinapepea ubavuni mwa tumbo.

RubaMkuu: Huyo ni efemeroptera, ndugu yangu. Plekoptera ana mikia 2, ukucha 2 kila mguu, na tumbo halina matamvua ubavuni. Mikia 2 pekee isikudanganye, efemeroptera wengine wanayo pia. Tazama tumbo na kucha. Kundi lake ulishalihesabu, kwa hiyo toa 17: 44 kwa 7, 6.3. Februari yenyewe haikuwa 7.6.

Jembe_Mpini: Nafuta shutuma. Anayetunga angeandika mikia 2.

MtoniNjoro: Na chifu?

Mama_Mauche: Mwandikie karatasi moja: mahali palibadilika, mvua ilinyesha, mdudu mmoja alikosewa jina, mtarudia. Shamba usilitaje. Fomu za siku zote mbili ziambatane, bila kufutwa kitu.

MtoniNjoro: Mwenyekiti atanila mzima. Wavu wa milimita 1 Nakuru nitautoa wapi?

KichungiChaChai: Kichungi cha jikoni, kile kikubwa. Pima matundu kwa rula, yakizidi milimita 1 tafuta kingine. Na usikirudishe jikoni.