Nimemaliza riwaya ya Divergent, kurasa zote 487. Nani ananirudishia usingizi wangu?

Wadau, naandika nikiwa na macho mekundu. Nilikifunga saa nane usiku, na saa mbili asubuhi nilikuwa kazini nimenuna kama mtu aliyechomolewa simu kwenye matatu. Anayepanga kukisoma apite, maana natoboa kila kitu.

Chanzo ni mpwa wangu wa Gredi ya 9. Miezi miwili wimbo ni mmoja: "Anti, hujasoma? Anti, utalia wewe!" Nikachungulia TikTok, nikakuta wasichana wamekumbatia kitabu machozi yanawatiririka. Kitabu chenyewe wala si kipya, kilitoka 2011, filamu ikafuata 2014, lakini moto wake hauzimi. Nikaenda kwa yule wa vitabu vya mtumba anayetandaza nailoni chini kando ya barabara pale mjini. Akanisoma usoni, akaona nina haja, akasema mia tisa. Tukavutana hadi mia saba. Kufungua jalada, mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Four ni Tobias!!!" na moyo pembeni. Yaani jina halisi la Four, kijana anayependwa na msichana mhusika mkuu, siri iliyofichwa zaidi ya nusu ya kitabu, mimi nilitobolewa palepale nimesimama, hata chenji sijapewa.

Kwa asiyekijua: ni Chicago ya siku zijazo, ziwa limekuwa kinamasi, na watu wamegawanywa makundi matano kwa tabia. Kuna wanaojinyima, wapenda amani, wakweli, majasiri na wasomi. Ukifika miaka 16 unapimwa, kisha unasimama mbele ya mabakuli matano, ya mawe, maji, udongo, makaa ya moto na vioo, unajikata kiganja na kudondosha damu unakotaka kwenda. Ukichagua kundi lingine, wazazi wako umewaaga. Beatrice Prior, binti wa wanaojinyima, watu ambao hata kujitazama kwenye kioo kuna siku yake, anasita, mkono unamtetemeka, kisha damu yake inachemka juu ya makaa. Sitadanganya, hapo nilishikwa. Nilikuwa Jogoo Road kwenye foleni, na foleni ilipofunguka nikapitishwa kituo. Nikasema, huyu mtoto amenipa kitu.

Halafu tukaingia kwa majasiri. Ujasiri wao ni kurukia treni. Wanaidandia ikienda, wanairuka ikienda, wanatua juu ya paa, kutoka paani wanajitupa ndani ya shimo, na shimoni, usiogope, kuna wavu. Jamani! Mimi nimekulia Eastlands. Niliinua macho kutoka kwenye ukurasa huohuo nikamwona makanga wetu amening'inia mlangoni, mguu mmoja ndani, koti la maruni linapepea, mdomo unaita watu wa Donholm, na mkono wa nyuma unamrudishia mama mmoja hamsini yake bila hata kumwangalia. Huyo akiteleza wavu wake ni lami.

Lakini hayo ni ya vijana, nayasamehe. Na mapenzi yale ya kutazamana kurasa arobaini nayasamehe pia. Beatrice kuonekana kiumbe hatari eti kwa sababu kipimo kimemkuta na tabia tatu badala ya moja, hapo nilianza kuguna. Mama mboga wa kona yetu asubuhi ni mkweli, mchana ni mjanja, na kanjo wakitokea ni jasiri anayekimbia na beseni la nyanya kichwani. Tabia tatu kabla ya saa kumi, na hajawahi kutungiwa riwaya.

Kilichoninyima usingizi ni mwisho. Mkubwa wa wasomi, Jeanine, anataka kuwaondoa wanaojinyima wanaotawala mji. Sasa nikakaa vizuri kitandani. Nikajua hapa ndipo tutaona jirani anavyomgeuka jirani, nani anaahidiwa nini, nani anakataa na anafanywa nini. Wapi! Majasiri wanadungwa sindano. Dawa inaingia mwilini, wanaamka usiku kama watu walio ndotoni, wanashika bunduki na kwenda kuua, na asubuhi hawajui walichofanya. Basi! Kundi zima limeua na karibu wote hawana hatia.

Ndugu zangu, mji huu tunaoishi ulishachujwa kweli. Tarehe 24 Aprili 1954 askari wa Mwingereza waliuzingira Nairobi kuwasaka Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, wakaiita Operesheni Anvil, wakazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwafungia kwenye kambi. Huko watu walipangwa kwa majina ya rangi, kulingana na walivyoshukiwa kuwa Mau Mau: weupe wasio na shaka, wa kijivu wa katikati, weusi sugu. Na aliyekuwa anawaonyesha ni mtu amefunikwa gunia, matundu mawili ya macho, haongei, anatikisa kichwa tu. Marehemu babu yangu alipita mbele ya gunia moja. Alisema alimtambua aliyekuwa ndani ya gunia kwa miguu, kwa sababu kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Walikuwa wakichota maji bomba moja. Babu alikaa kizuizini miaka mitatu, na mpaka anakufa swali lake lilikuwa jamaa yule alipewa nini. Yule hakudungwa sindano.

Najua mtakuja mbio: "Soma cha pili! Soma cha tatu!" Najua vipo, Insurgent ya 2012 na Allegiant ya 2013, na nimeambiwa wale wasio na kundi, yaani waliofeli kuingia kundi walilochagua, wanapata nafasi yao huko. Kwenye hiki wanaendesha mabasi, wanafagia, wanajenga, jiji zima liko mgongoni mwao, lakini kazi yao kubwa ni kuwatisha wengine wasifeli. Mmoja anaomba chakula barabarani, anapewa vipande vya tufaha lililokaushwa, tunasonga mbele. Nilipe mara tatu ndipo nijue wanaishije? Sinunui.

Leo mchana nilimpigia mpwa nimuulize ni wapi hasa palimliza. Nilitegemea aseme Tobias. Akanyamaza, kisha akasema ni pale kwenye mabakuli. "Anti, sisi pia tunachagua mkondo wa sekondari. Na ni mitatu tu." Hapo nikakosa la kumjibu, lakini mia saba zangu bado naziuma.

Kitabu kipo. Nauza mia tatu, tukutane Donholm ama mjini. Moyo wa kalamu nyekundu siufuti.