Tupeane uzoefu: "sukari" ilikuingilia kwa mlango gani?

Msusi wa Umoja

Wadau hamjambo. Nasuka nywele Umoja, na saluni kwangu neno hili halikauki. Mama mtu mzima akisema jirani yake "ana sukari", huo ni ugonjwa. Msichana anayekalia kiti baada yake akitaja shuga dadi, ni mzee anayemlipia nyumba, ingawa siku hizi wengi wanasema sponsa au mubaba. Zuchu akiimba Sukari yake ya 2021 redioni, ni mapenzi. Hilo la shuga dadi tumelipokea kutoka Marekani, lilikuwa midomoni mwa watu huko tangu miaka ya 1920. Na kusini mwa nchi hiyo, bibi akimwambia mjukuu ampe sukari, anataka busu.

Kinachoniuma ni kwamba jina likishakuwa tamu, watu hawaulizi maswali. Nina mdogo wangu chuoni, ndiyo maana nauliza. Leteni yaliyowapata wenyewe, ya kusikia tuyaache.

Wakala Githurai

Nina kibanda cha M-Pesa. Kwenye nguzo ya stima mbele yangu, chini ya karatasi ya mganga, kumebandikwa nyingine: shuga mami tajiri anatafuta kijana, piga namba hii. Vijana wanakuja kuweka pesa na kutuma papo hapo. Kwanza ni ada ya usajili, mia tano. Baadaye anarudi yule yule, sasa ni kadi ya uanachama, halafu ni ya kupimwa hospitali. Mami mwenyewe haonekani. Namba ikishavuna inazimwa, na karatasi mpya inapanda nguzoni.

Mmoja alikuja kutoka mjengo, mikono bado ina simiti, akaniomba nimkopeshe ada ya mwisho kwa sababu eti gari linamsubiri Westlands. Nikamwambia, kijana wangu, mpigie umwambie hiyo ada aikate kwenye pesa atakazokupa. Akapiga pale pale, spika juu. Upande wa pili akajibu mwanamume, akamtusi, akakata. Kijana alitia simu mfukoni akarudi kazini bila kusema kitu. Tangu siku hiyo kila anayekuja na namba ya nguzoni namwambia apige kwanza. Na kama umeshatuma, ile meseji ya M-Pesa ipeleke 456 mara moja, kabla mwenzako hajatoa.

Mjukuu wa Kaloleni

Kwetu ni ugonjwa. Shosho alipoambiwa kliniki kwamba ana sukari, alirudi nyumbani akaufungia mkebe kabatini, na hata wageni wakanywa chai bila sukari. Lakini mlima wa ugali ulibaki pale pale, na wali wa Jumapili vile vile. Kila akipimwa, namba ziko juu, naye analia kwamba hajaonja sukari tangu aambiwe. Alikuwa anasema ukweli.

Nesi mmoja ndiye aliyetuokoa. Aliomba sahani tupu, akaigawa kwa kidole: nusu hii sukuma au kabeji, robo hii ugali, robo hii maharagwe au nyama. Akamweleza kwamba ugali nao ukifika tumboni unageuka glukosi, yaani sukari, na kuingia kwenye damu, na insulini yake, ile homoni ya kuitoa sukari kwenye damu, haiwezi tena kuimudu yote. Shosho akamtazama, akamuuliza, "Sasa mbona hamkusema ni ugonjwa wa ugali?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwenye mgonjwa nyumbani, usimwambie tu aache sukari. Kaa naye mezani.

Nilimaliza Chuo

Jina la chuo nitaliacha. Mwaka wa pili karo ilikwama, na mtu aliyejuana na familia akajitolea kunisaidia. Neno sponsa halikutajwa, mimi nilimwita anko. Alinilipia chumba Roysambu, na ufunguo wa pili akabaki nao. Msusi, mwambie mdogo wako aulize habari ya ufunguo wa pili. Alikuja saa yoyote. Alikagua simu yangu. Usiku wa kuamkia mtihani aliniamsha nimpikie. Nilipomwomba twende tukapime virusi vya UKIMWI, akasema namvunjia heshima.

Nilijua hatari zote. Tamthilia ya Shuga ya MTV, iliyorekodiwa hapa Nairobi 2009 Lupita Nyong'o akicheza kama Ayira, ilikuwa imetuonya mapema kuhusu virusi. Lakini karo haingoji. Nilitoka shangazi aliponichukua Kayole. Tulilala wanne chumba kimoja, na ni huko nilikomalizia masomo.

Msusi wa Umoja

Pole sana dada, na asante. Hilo la ufunguo nitampelekea leo leo.

Wenye wasichana wa shule, shikeni hili: chini ya miaka 18 hakuna sponsa, huo ni unajisi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 15 kwa anayemnajisi msichana wa miaka 16 au 17, na akiwa mdogo zaidi kinaongezeka. Namba ya watoto ni 116, haina malipo.

Mpwani Eastleigh

Kwetu Mombasa braun shuga ni heroini. Kakangu ilimchukua ujana wote. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha heroini, kliniki na anafanya kazi. Yanatosha hayo.

Shuga wa Ndondi

Mimi ndilo jina langu mtaani. Kocha alinipa kwa sababu ya miguu, akitaka nicheze kama bondia wa Marekani, Sugar Ray Robinson. Yule mzee alizaliwa Walker Smith 1921, akapanda ulingoni kwa kadi ya bondia mwingine aliyeitwa Ray Robinson, na hilo la Sugar likaongezwa kwa utamu wa ngumi zake. Alitwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa kati mara tano. Nilitembea na jina hilo kifua mbele.

Kisha binti yangu akafika sekondari. Wenzake walisikia naitwa Shuga stejini, wakaanza kumuuliza babake anawalipia wasichana wangapi. Akaja akaniomba, "Baba, waambie wakuite kocha." Nimewaambia. Wazee wenzangu wanasahau, ila vijana ninaowafundisha wameshazoea.

Msusi wa Umoja

Kocha, unafundishia wapi? Nina mpwa wa miaka kumi na tatu, mkono mwepesi, anashinda bure jioni nzima. Na je, wasichana mnawachukua?