Simu imebadilishwa sura baada ya kusasishwa: tupeane uzoefu

MitumbaGikomba (mwanzilishi wa mada)

Wadau wa Nairobi, habari zenu. Kila ninayekutana naye sokoni siku hizi analia na jambo moja: simu imelala ikiwa vile anavyoijua, imeamka na sura nyingine. Naomba kila mtu aeleze yaliyompata, kazi anayoifanyia simu yake, na kama amepata njia ya kujisaidia. Jina la kampuni iliyotengeneza simu yangu silitaji, na nawasihi nanyi msitaje ya kwenu, maana tukianza kushindana simu ya nani ni bora hatutatoka hapa.

Mimi nauza mitumba Gikomba. Marobota hufunguliwa alfajiri, jua bado, na mwenye jicho ndiye anayeondoka na kamera, yaani nguo za daraja la kwanza. Nguo tunazikagua kwa tochi ya simu, mkono mmoja kwenye kola, mwingine kwenye simu. Zamani nilikuwa navuta pazia la juu kwa dole gumba, tochi iko ya pili kutoka kushoto, naiwasha bila kutazama. Sasa pazia limegawanywa. Ukivuta kutoka kushoto unapata arifa, ukivuta kutoka kulia ndipo unapata swichi, na swichi zenyewe zimekuwa viduara vya rangi moja visivyo na maandishi. Wewe unatafuta mwanga, mwenzako ameshalibeba koti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuulizwa. Ujumbe ulisema hili ni sasisho la usalama. Nani atakataa usalama na hela zake zote ziko kwenye hiyo simu?

BodaRongai

Pole dada. Mimi yangu ni kupokea simu. Nilizoea kusukuma kitufe juu. Nikaamka asubuhi nikakuta kitufe kimekaa katikati: kulia unapokea, kushoto unakata. Niko steji, glavu mkononi, mteja anapiga. Kidole kinaenda juu kama kilivyozoea, hakuna kinachotokea, simu inaita mpaka inakatika. Mteja hajui mambo ya muundo mpya. Anachojua ni kwamba hukupokea, na amempigia mwingine.

Na mimi sikuwa nimesasisha chochote! Simu yangu ni ile ile, toleo ni lile lile. Hilo ndilo naomba mtu anieleze.

FundiLuthuli

BodaRongai, nikueleze, maana swali hilo naletewa kibandani kila siku hapa Luthuli Avenue.

Kuna masasisho ya aina mbili. La kwanza ni la mfumo mzima: linapakuliwa, simu inazima na kuwaka, unaona mstari ukijaa. La pili ni la programu moja moja. Kwenye simu nyingi za Android, programu ya kupigia simu ni programu kama nyingine yoyote, na inasasishwa kimya kimya kupitia duka la programu ukiwa umeunganishwa kwenye Wi-Fi. Mtengenezaji anaweza hata kuwasha sura mpya akiwa mbali, bila wewe kupakua kitu. Ndiyo maana unaona toleo la mfumo halijabadilika.

Tiba: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, tafuta ya simu, kisha uondoe masasisho yake. Itarudi ilivyokuja na simu. Halafu nenda kwenye duka la programu, fungua ukurasa wa programu hiyo, gusa vidoti vitatu juu, uzime kusasisha kiotomatiki kwa hiyo peke yake. Usizime kwa programu zote, tafadhali. Ukizima zote utabaki na matundu ambayo wezi wanayajua. Na kabla ya kufanya hivyo, angalia ndani ya mipangilio ya programu yenyewe, kwa sababu mara nyingine wameweka mahali pa kuchagua namna ya kupokea, kusukuma au kugusa mara moja.

Sasa dada wa Gikomba. La kwako ni la mfumo, hilo ni gumu. Watu wananiletea simu wakisema, "Fundi, nirudishie ile ya zamani." Mara nyingi nakataa. Kwanza, kurudisha toleo kunafuta kila kitu: picha, ujumbe, namba ambazo hujahifadhi kwingine. Pili, simu nyingi za sasa zina kizuizi cha kurudi nyuma. Ukilazimisha toleo la zamani, simu inaweza isiwake tena. Za iPhone ndiyo kabisa, Apple ikiacha kuidhinisha toleo la nyuma hakuna fundi wa kukusaidia. Tatu, na hili nalisema kwa uchungu, kuna watu hapa mjini wanachukua hela kwa kazi hiyo na simu inarudi imekufa. Kama simu ni ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo, usikubali mtu aguse mfumo wake. Itajifunga, na deni litabaki lako.

Kwa tochi: simu nyingi zinakuruhusu kupanga upya swichi. Vuta pazia lote, tafuta alama ya kalamu au neno la kuhariri, uburute tochi hadi pale kidole chako kinapofika. Pia baadhi zina mipangilio ya pazia yenyewe, unachagua arifa na swichi zikae pamoja. Wamelificha, lakini lipo.

BintiKariobangi

Mimi naandika kwa niaba ya baba yangu. Ana miaka zaidi ya sabini, anaishi peke yake upande wa pili wa mtaa, na kusoma hakusoma sana. Simu anaijua kwa rangi na mahali. Ya kijani chini kushoto ni ya kupiga. Ya bluu pembeni yake ni ujumbe. Nyekundu ya juu ni redio. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha, na aliimudu vizuri hata majirani wakawa wanamwomba awaonyeshe.

Sasisho likaja usiku. Aikoni zote zikawa za rangi moja, ule udongo uliofifia, eti zimefuatisha picha ya nyuma ya skrini, ambayo ni picha ya shamba letu. Akanipigia kwa simu ya jirani.

"Mama, simu yangu imeibwa vitu."

Nikamwambia, "Baba, tulia, bonyeza ile ya kijani."

"Hakuna ya kijani, mama. Zote ni mchanga."

Nilipofika alikuwa ameiweka mezani, ameifunika kwa kitambaa, hataki kuigusa asije akaharibu zaidi. Mtu mzima, aliyeendesha lori la mizigo Mombasa na Malaba maisha yake yote, anaogopa kugusa kitu alichonunua kwa hela yake. Nilikasirika. Bado nina hasira ninapoandika hapa.

Nilichofanya, labda kitamsaidia mwingine mwenye mzazi. Nilibonyeza kwa muda mahali patupu kwenye skrini ya kwanza, nikaingia kwenye mandhari, nikazima aikoni zenye rangi ya mandhari. Rangi zikarudi. Kisha nikafunga mpangilio wa skrini ili aikoni zisihamishike kwa bahati mbaya. Kisha nikaongeza ukubwa wa maandishi. Lakini umbo la zile aikoni halikurudi, na ile ya ujumbe mpaka leo anasita kuigusa. Anauliza, "Ni hii?" kila mara, na zamani hakuuliza.

Kilimani_Mpenda_Mpya

Kwa upande wangu nimeipenda. Inapendeza macho, na simu yangu kuukuu inaonekana mpya bila kununua nyingine. Lakini kisa cha mzee hapo juu kimenigusa. Mpe salamu.

MwanafunziPAR

Mimi nina uoni hafifu. Jicho moja halioni kabisa, la pili linaona kama maandishi ni meusi ti juu ya nyeupe. Hayo mambo mapya ya vioo na ukungu, yaani skrini kuonyesha kilicho nyuma ya maandishi, na maandishi meupe membamba juu ya picha, kwangu ni ukurasa mtupu. Kwenye matatu ya kutoka mjini, jua la saa nane linaingia dirishani, hapo hata anayeona vizuri hasomi kitu.

Kilichonisaidia kiko kwenye sehemu ya Ufikivu ndani ya mipangilio, ile ya kuwarahisishia wenye ulemavu: maandishi mazito, utofautishaji wa juu wa rangi, na kuondoa uhuishaji, yaani vitu kutembeatembea kwenye skrini. Kwenye iPhone kuna pia kupunguza uwazi, yaani vile vioo vinakuwa ukuta. Viwasheni, hata kama hamjioni kuwa na ulemavu wowote. Lakini sasisho lililofuata lilinizimia kimoja, ikabidi nianze kutafuta upya bila kuona ninachotafuta.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Simu yangu ndiyo kifaa hicho. Inanisomea noti, inanisomea hata namba ya matatu nikiielekezea kamera. Mtu akiigeuza usiku, ameninyang'anya kifaa changu kwa muda, haijalishi alikuwa na nia njema kiasi gani.

MbunifuNgongRoad

Natengeneza programu za simu, kwa hiyo niseme kidogo kutoka upande wa jikoni. Haya si mageni, na yanayofuata ni mambo yaliyotangazwa hadharani.

Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, mfumo wa kompyuta, bila kile kitufe cha Start ambacho watu walikizoea tangu 1995. Kelele zikawa nyingi, na Oktoba 2013 toleo la 8.1 likarudisha kitufe. Septemba 2013 Apple ilitoa iOS 7, mfumo wa iPhone, ikafuta sura yote ya zamani. Watu walilalamika kuwa mwendo wa skrini unawapa kizunguzungu, na mwezi uliofuata kampuni ikaboresha swichi ya kupunguza mwendo. Mwaka 2025 mambo yalikuja pamoja: Mei, Google ilitangaza sura mpya ya Android iitwayo Material 3 Expressive; Juni, Apple ikatangaza Liquid Glass, sura ya kioo iliyofika kwenye simu za watu Septemba na iOS 26. Malalamiko ya kutosomeka yakaja, na Novemba iOS 26.1 ikaongeza chaguo la kufanya kioo kisipitishe sana.

Kwa nini nayataja? Kwa sababu mara zote tatu malalamiko yalizaa kitu. Hawakurudisha sura ya zamani yote, lakini walirudisha kitufe, au wakaboresha au kuongeza swichi.

Kuna kipimo pia. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake, yaani rangi iliyo nyuma yake, kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Sisi wabunifu tunaujua. Ukiweka maandishi juu ya kioo kinachopitisha chochote kilicho nyuma yake, uwiano huo huwezi kuuhakikisha, kwa sababu hujui mwenye simu ataweka picha gani.

Na hili la kufunga sura mpya pamoja na kiraka cha usalama, yaani sasisho la kuziba yale matundu ya wezi, silitetei. Ni sawa na fundi wa bomba kuja kuziba linalovuja, akaondoka amekuhamishia jiko. Kiufundi vinaweza kutenganishwa: Android ina viraka vya usalama vyake, na tarehe ya kiraka unaiona kwenye mipangilio. Toleo jipya la mfumo ni kitu kingine. Shida huja pale mtengenezaji anapoacha kutoa viraka kwa toleo lako la zamani, hapo huna pa kukimbilia.

MitumbaGikomba

Asanteni sana, jamani. Fundi, nimehamisha tochi, imekubali. Pia mteja wangu mmoja amenionyesha kuwa kwenye simu yangu naweza kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili ikawaka, bila pazia kabisa.

Dada wa Kariobangi, nimesoma habari ya mzee mara nyingi. Nina mama wa umri huo huko Machakos. Nimemwambia kaka aliye naye azime kusasisha usiku mpaka nifike mwenyewe, nikae naye, aone kinachobadilika kikibadilika. Viraka nitaviweka, ila mchana, tukiwa wote.

Mbunifu, umesema malalamiko yanazaa kitu. Sisi wa Gikomba tunalalamikia wapi ili atusikie aliye huko mbali? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika kikamilifu na alichonunua. Ujumbe wa "sasisho la usalama" peke yake haukunipa habari hiyo.

MbunifuNgongRoad

Swali zuri. Simu nyingi zina mahali pa kutuma maoni ndani ya mipangilio, chini ya msaada au kuhusu simu. Yanasomwa, lakini "rudisheni ya zamani" hutupwa, kwa sababu mhandisi hana la kufanya nalo. Andika hivi: kazi unayofanya, hatua ulizokuwa ukipitia zamani, hatua za sasa, na kilichoharibika. Kile ulichokiandika juu kuhusu marobota na tochi kinatosha kabisa. Kitume kama kilivyo, kwa Kiswahili. Na wewe dada wa Kariobangi, tuma picha mbili za skrini ya mzee, moja aikoni zikiwa na rangi, nyingine zikiwa zote mchanga.

Weka pia namba ya toleo. Iko kwenye mipangilio, kuhusu simu, teremka hadi chini kabisa.