Kadaka kwa kujirusha, mpira ukamponyoka akitaka kurusha: mpigaji ameungua au hajaungua?

Mwalimu_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua besiboli mnisaidie, maana hapa Uyole ubishi haujaisha tangu Jumamosi, na sasa umehamia mpaka ofisi ya walimu.

Nafundisha sekondari, na jioni nina kikundi cha wanafunzi wanaocheza besiboli. Vifaa ni vya kuungaunga. Glavu nyingi nimezipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa, nikampelekea fundi viatu azishone upya. Besi ni viroba tulivyojaza pumba. Jumamosi tulikaribisha shule moja ya upande wa Mbalizi, na mwamuzi nilikuwa mimi peke yangu. Mwalimu wao alikubali kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyezisoma sheria.

Raundi ya mwisho, wageni wanapiga, sisi tunaongoza kwa pointi moja. Wameshaungua wawili, yaani wametolewa (wa tatu akiungua zamu yao ya kupiga inaisha), na wana wakimbiaji besi ya pili na ya tatu. Mpigaji wao, kijana mrefu, akaupata mpira sawasawa, ukapaa kuelekea mikaratusi iliyo nyuma ya uwanja upande wa kushoto. Huko alikuwepo binti wa kidato cha tatu. Akaupa mpira mgongo, akakimbia, na mwishoni akajirusha mzimamzima, mkono wa glavu mbele. Mpira ukanasa kwenye ncha ya glavu, nusu ndani nusu nje. Nyasi zilikuwa bado na maji ya ukungu, akateleza kwa tumbo huku glavu ameinyanyua isiguse chini. Akapiga goti, akasimama, akasogea kama hatua mbili, akaingiza mkono wa kulia kwenye glavu, akautoa mpira. Alipoupeleka mkono nyuma ili arushe, mpira ukamponyoka.

Nikainua ngumi: ameungua, mchezo umekwisha.

Wageni wakasema mpira umeanguka, kwa hiyo haukudakwa. Wakimbiaji wao wawili walikuwa wameshapita nyumbani, besi ya mwisho inayotoa pointi, kwa hesabu yao ushindi ni wao. Mwalimu mwenzangu ni muungwana, hakunitolea neno baya, lakini aliondoka hajaridhika. Mzazi mmoja alirekodi kwa simu, na video inazunguka WhatsApp kila mtu akitoa hukumu yake. Sitaki watoto wa watu waamini kwamba niliwabeba wanafunzi wangu. Kwa hiyo nauliza: kudaka kunakamilika wakati gani hasa?

---

Upepo_wa_Makambako

Mwalimu, heshima yako. Mimi nasema hajaungua. Mpira chini ni chini. Kipa akidaka kona halafu ikamtoka ikaingia wavuni, refa hasemi "lakini alishaidaka." Ni bao. Huyo binti kafanya kazi kubwa na mbio zake nazisifu, ila mwisho wa siku mpira ulikuwa kwenye nyasi.

---

Dada_Mafinga

Mwalimu, shikamoo. Nilicheza besiboli nikiwa shuleni Dar, uwanja wa Azania tumeushindia sana, na ubishi wa namna hii nimeuona ukigombanisha marafiki.

Kaka wa Makambako, mfano wa kipa hapa hautufai. Mpira wa miguu unaulizwa ulivuka mstari au haukuvuka, basi. Besiboli inauliza maswali mawili: je, mdakaji aliumiliki mpira sawasawa mkononi au kwenye glavu kabla haujagusa chini? Na je, ulipotoka, aliutoa mwenyewe kwa kukusudia? Kitabu cha sheria kinataka aushike muda wa kutosha kuonyesha kwamba ameutawala na kwamba kuuachia ni kwa hiari yake. Halafu kinaendelea, na hapa ndipo penye jibu lako mwalimu: kama alishadaka, na mpira ukamtoka akiwa kwenye kitendo cha kurusha, unahesabika umedakwa.

Sasa mwangalie binti yako. Mpira ulikuwa umeshatoka kwenye glavu, uko kwenye mkono wa kulia, na mkono unaelekea nyuma. Hicho ni kitendo cha kurusha. Mpigaji ameungua.

Ingekuwa mpira umetoka wakati anateleza kwa tumbo, au kiwiko kimegonga chini na glavu ikafunguka, ningekuwa upande wa wageni bila kusita. Sheria inasema akianguka au akigongana na mtu au ukuta papo hapo baada ya kudaka, na kwa sababu hiyo mpira ukamtoka, hajadaka. Hizo hatua mbili pia msizifanye kipimo, hakuna idadi ya hatua iliyoandikwa popote. Kinachotazamwa ni kama mwili wake ulikuwa umetulia na mkono umeanza kazi nyingine.

Na msidhani ni nyinyi wa Uyole tu mnaosumbuka. Mwaka 2014 Ligi Kuu ya Marekani ilipopanua matumizi ya marudio ya video, waamuzi walianza msimu wakiwa wakali: mpira ukianguka wakati unahamishwa kutoka kwenye glavu kwenda mkononi, haujadakwa. Ikawa shida kweli. Mchezaji kadaka vizuri kabisa, kakimbia nao, anauchomoa ili arushe, unateleza, mkimbiaji anapewa besi. Pale besi ya pili nako, mtu anapokea pasi, anataka kugeuza haraka arushe besi ya kwanza, mpira unamponyoka kwenye vidole, na yule aliyekwisha kuungua anaambiwa yuko salama. Makocha na wachezaji wakalalamika, na tarehe 25 Aprili mwaka huohuo tafsiri ikarudishwa kama zamani: akiwa ameumiliki mpira kwenye glavu, kuponyokwa wakati wa kuutoa hakufuti kudaka. Yaani wenye mchezo wao walijaribu hukumu ya Makambako na haikumaliza hata mwezi wa pili wa msimu.

---

Upepo_wa_Makambako

Dada, nimekuelewa kwenye sheria. Lakini mwamuzi alikuwa nyumbani huko, binti yuko kwenye mikaratusi. Alijuaje kwamba mpira haukugusa nyasi alipokuwa tumboni? Video nimetumiwa na mimi. Ukiisimamisha pale anapoteleza, glavu na nyasi ni kitu kimoja.

---

Babu_Tukuyu

Wajukuu, salaam. Nimefuatilia mchezo huu miaka mingi, kwanza kwenye magazeti ya zamani, sasa kwenye simu. Upepo, swali lako ndilo swali lenyewe, na limeulizwa kabla baba yako hajazaliwa.

Tarehe 10 Oktoba 1925, World Series, yaani fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani, mchezo wa tatu, Washington na Pittsburgh. Washington wanaongoza 4 kwa 3, raundi ya nane. Earl Smith wa Pittsburgh anapiga mpira mrefu upande wa kulia. Sam Rice anaukimbilia, anaruka, anadumbukia kwenye majukwaa ya muda kati ya watazamaji. Akapotea machoni. Watu wakangoja, sekunde zikapita, halafu akaibuka na mpira kwenye glavu. Mwamuzi Cy Rigler akasema ameungua. Pittsburgh walichachamaa, mwenye timu Barney Dreyfuss akaingia mpaka uwanjani kulalamika. Haikubadilika, na Washington walishinda 4 kwa 3.

Hakuna mwamuzi aliyeona kilichotokea mle kati ya watu. Rigler aliamua kwa alichokiona: mpira ulivyoingia kwenye glavu, na glavu ilivyorudi na mpira. Rice mwenyewe aliulizwa maisha yake yote, akajibu tu kwamba mwamuzi alisema ameungua. Aliandika barua, akaikabidhi Jumba la Mashuhuri wa besiboli la Cooperstown ifunguliwe akishafariki. Akafariki 1974, barua ikafunguliwa: anasema mpira haukumtoka hata mara moja. Karibu miaka 50 watu walibishana kuhusu glavu moja, na mpaka leo wapo wasioiamini barua.

Kwa hiyo mwalimu, ulichotakiwa kukifanya ni kuamua kwa ulichokiona, na kukiona kutoka mahali bora kuliko pote pa kufikika. Je, ulitoka nyuma ya mpigaji ukaenda kati, au ulibaki palepale? Mwamuzi akiwa peke yake, mpira mrefu ukipaa na yeye aondoke, akimbilie upande utakaomwonyesha glavu kwa ubavu. Akisimama nyuma ya mgongo wa mdakaji hataona nafasi kati ya mpira na nyasi.

Na akifika asimame. Macho yakitikisika kwa mbio, mpira unaonekana umeruka hata kama haukuruka. Halafu asubiri, ajizuie mkono. Mchezo mzuri unamvuta mwamuzi ainue ngumi mapema, kwa sababu uwanja mzima umeshapiga kelele. Uzuri wa kujirusha haumo kwenye sheria. Ngoja mkono wa mdakaji umalize kazi yake, ndipo useme.

Mfano wa upande wa pili ni Detroit, 2 Juni 2010. Armando Galarraga wa Detroit anarusha, wapinzani wote wanaungua mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyefika besi. Raundi ya tisa inafunguliwa na mpira mrefu kuelekea ukutani, Austin Jackson anaukimbiza kwa mgongo na kuudaka huko mbali, mdako wa kusimulia wajukuu. Wa pili naye akaungua, amebaki mtu mmoja wa kuunguza. Jason Donald anapiga mpira wa chini, Miguel Cabrera anauokota, anamrushia Galarraga aliyekimbia kuziba besi ya kwanza. Mwamuzi Jim Joyce akasema yuko salama. Picha zikaonyesha wazi ameungua. Wakati ule video ilitumika kwa homurani tu (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja), uamuzi ukabaki. Joyce alipoona marudio alikiri hadharani, akalia. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya wachezaji, wakashikana mikono. Joyce alikuwa mmoja wa waamuzi waliokuwa wakiheshimika sana, na alisimama karibu kabisa na besi, na bado alikosea.

---

Mwalimu_Uyole

Babu, shikamoo. Nilitoka. Mpira ulipopaa niliingia ndani ya uwanja nikapita upande wa besi ya tatu, na nilikuwa nimesimama anapojirusha. Nilimwona kwa ubavu. Kati ya glavu na nyasi niliona mwanga, na mpira mweupe juu ya ngozi. Hapo sina wasiwasi wowote. Wasiwasi wangu ulikuwa kule mwishoni, mkononi, na Dada Mafinga ameujibu. Nitamtumia mwalimu mwenzangu kifungu chenyewe ajisomee, kwa sababu maelezo yangu matupu atayasikia kama utetezi.

Upepo, video ile imepigwa kutoka jikoni kwa mama ntilie, karibu na barabara. Ukivuta picha ya mbali hivyo, vitu vilivyoachana vinaonekana vimeshikana. Hata wenye kamera kila kona wanabanwa na hilo. Nimeangalia marudio ya mchezo wa saba wa World Series ya 2025, Dodgers na Blue Jays kule Toronto. Raundi ya tisa chini, 4 kwa 4, besi zote zimejaa, pointi moja tu Toronto ni mabingwa. Daulton Varsho anapiga mpira wa chini, Miguel Rojas anapepesuka, anarusha nyumbani, Will Smith anapokea na mguu wake unainuka na kurudi kwenye sahani, yaani besi ya nyumbani, huku Isiah Kiner-Falefa anateleza kuingia. Walipeleka kwenye video. Utaratibu wao ni kwamba uamuzi wa uwanjani unabaki mpaka picha iuvunje wazi bila shaka, na haikuuvunja. Mpigaji aliyefuata, Ernie Clement, akaupaisha mpira, Andy Pages wa Dodgers akaudaka juu ya mwenzake Kiké Hernández, wakagongana, na mpira ukabaki kwenye glavu ya Pages. Huo hata mbishi wa Makambako angeukubali. Dodgers wakashinda 5 kwa 4 raundi ya 11.

---

Upepo_wa_Makambako

Huo naukubali, waligongana na mpira haukutoka. Na wa binti naukubali pia, kwa kifungu alichokitaja dada. Ila mwalimu, ushauri: mechi ya marudiano msiamue nyinyi walimu wa timu. Tafuteni wawili wa pembeni, mmoja nyumbani, mmoja kati.

---

Dada_Mafinga

Naunga mkono, na naweza kuja kusimama kati, nauli tutagawana. Wa kati ajifunze kitu kimoja mapema: kwenye besi ya kwanza macho yatazame mguu na kiroba, mlio wa mpira kwenye glavu ausikilize kwa masikio. Ukifuatisha mpira kwa macho, mguu unakupita.

Na kabla hamjaanza, kaeni na mwalimu wa wageni mtembee uwanja mzima pamoja. Mikaratusi ile mkubaliane mstari wake. Mdakaji anaruhusiwa kunyoosha mkono kuvuka mpaka na kudaka, lakini huko ng'ambo hana ulinzi, mtazamaji akiugusa mpira ni bahati mbaya yake. Mtazamaji akinyoosha mkono kuingia uwanjani, huo ni uingiliaji. Mwaka 1996 pale New York, mechi ya kwanza ya nusu fainali, mtoto wa miaka 12 aliunyakua mpira wa Derek Jeter juu ya ukuta, Tony Tarasco wa Baltimore yuko chini yake ameinua glavu. Mwamuzi Rich Garcia akatoa homurani, mchezo ukawa 4 kwa 4, na Baltimore wakafungwa raundi ya 11. Hapo Uyole watoto wa darasa la pili wanasimama wapi?

---

Mwalimu_Uyole

Wanakaa kwenye magogo, ndani ya mstari kabisa. Nitawahamishia upande wa vyoo vya zamani na kufunga kamba ya katani kati ya mti na mti. Dada, nimekutumia namba yangu pembeni. Marudiano ni baada ya mitihani ya muhula, hapahapa Uyole.